Kabla ya kuhama Windows 10: kwanza data zetu za lugha

Tangu Oktoba iliyopita, mtu akifungua mashini yake katika chumba cha kusomea cha kitivo chetu, haupiti muda mrefu kabla swali halijaulizwa: tupande Windows 11 au tubaki? Wengine wameona tangazo linalofunika kioo kizima wakabofya "nikumbushe baadaye". Wengine wamekwenda kwa fundi siku hiyohiyo. Mimi si mwanafunzi wa informatiki. Ninasoma isimu ya lugha za Kiafrika, memwari yangu inahusu toni za Kinande, na sababu ya kuandika makala hii ni kwamba nimeona wenzangu wakipoteza kazi kwa kujibu swali hilo upesi.

Kwanza kilichotokea. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kuacha kuihudumia hakumaanishi kwamba mashini inazima. Itawaka, Word itafunguka, Praat itachora mawimbi ya sauti kama jana. Kinachokoma ni viraka vya usalama vya kila mwezi. Tundu likigunduliwa leo katika Windows 11, linazibwa. Na mara nyingi tundu hilohilo limo ndani ya Windows 10, ila huko linabaki wazi, na mwenye nia mbaya anaweza kukichunguza kiraka kipya ili ajue pa kuingilia. Kwetu hatari hii haiji kwa intaneti peke yake. Inakuja kwa flashi. Flashi inayotoka sekretariati publike ikapita mashini kumi kabla ya kurudi mfukoni mwako imebeba zaidi ya TFC yako.

Hapa naomba niguse maneno, maana nusu ya mkanganyiko inatokana nayo. Goma tunasema "mizajuru" kwa kila kitu. Kiraka kidogo cha usalama ni mizajuru, na kuhama kutoka Windows 10 kwenda 11 nako ni mizajuru. Kiswahili sanifu kina "kusasisha", neno lililojengwa juu ya "sasa": kukifanya kitu kiwe cha sasa. Hilo linafaa kwa viraka. Kwa kuhama toleo, naona afadhali tuseme "kupandisha toleo". Tofauti hii si ya madaha. Anayeogopa kupandisha toleo hukataa mizajuru yote, na hivyo mashini yake inakaa miaka mitatu bila kiraka hata kimoja. Na anayedhani kupandisha toleo ni mizajuru ya kawaida humpa fundi mashini bila kunakili chochote.

Hilo la pili lilimpata mwenzangu wa darasa. Mwaka 2024 alirekodi wasemaji wa Kihunde waliokimbia Masisi na kukaa katika kambi ya Bulengo, magharibi mwa mji. Saa kadhaa za masimulizi, vitendawili, majina ya mimea. Baadaye aliipeleka mashini kwa kijana mmoja wa mtaani ili awekewe Windows 11. Kijana akamuuliza, "Dada, tufomate?" Akajibu, "Fanya tu, kaka, hakuna shida." Njia rasmi ya kupandisha toleo huacha faili na programu zako mahali pake. Lakini mafundi wengi hawaitumii, kwa sababu ni ndefu na inakula mega. Wanaweka mfumo mpya kutoka flashi na kufuta diski. Simlaumu sana kijana, aliuliza na akajibiwa. Ila Februari 2025 kambi ile ilivunjwa, watu wakatawanyika, na wale kina mama hakuna anayejua sasa wako kijiji gani. Rekodi zile hazirudiwi.

Baada ya kunakili data mahali pawili, ndipo uulize kama mashini yako inaweza kupanda. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, inadai kumbukumbu ya GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo kwa jumla inaanza na kizazi cha nane. Angalia jina la prosesa yako: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8350U ni cha nane, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayosema. (Ukikuta tarakimu tano, kama i5-10210U, soma mbili za kwanza.) Kuhusu chipu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, usome kilichoandikwa. Mashini nyingi tunazonunua mitumba Birere ni ThinkPad na EliteBook za kizazi cha nne hadi cha saba. Zina nguvu za kutosha kwa kazi yetu, lakini kwa Microsoft zimekwisha.

Kuna mafundi wanaoruka masharti haya. Inawezekana, na mashini huwaka vizuri. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashini isiyotimiza masharti haihakikishiwi kupata masasisho. Yaani unaweza kulipa fundi na kupitia hatari yote ya kuhama, kisha ukajikuta palepale: mfumo usio na viraka.

Njia ya katikati haijulikani sana. Microsoft inatoa viraka vya nyongeza kwa Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Bei yake ni dola 30. Tangu Januari 2025, mji ulipobadili mikono na benki zikafunga, kulipia kitu nje kwa kadi kumekuwa shida, kwa hiyo watu husikia "dola 30" na kuondoka. Lakini ipo njia bila malipo: ukiwa na akaunti ya Microsoft, ukakubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yako kupitia akaunti hiyo, unasajiliwa bure. Sharti ni kwamba uwe na Windows 10 toleo la 22H2. Kiungo cha kujisajili kimo ndani ya mipangilio, pale panapoonyeshwa masasisho. Angalia tu usiruhusu OneDrive kuchukua folda zako zote pamoja na mipangilio: nafasi ya bure ni GB 5, rekodi za sauti zitaijaza, na forfait yako ya mwezi itaisha kabla ya chakula cha jioni.

Sasa nifike pale panaponihusu zaidi, ambapo fundi hawezi kutusaidia: herufi.

Anayeandika Kiswahili tu anaweza kuruka sehemu hii. Kiswahili kinaandikwa kwa herufi ambazo kila kibodi inazo. Lakini sisi wa Kinande, Kihunde, Kinyanga, Mashi, Kilega tunahitaji alama za toni, ŋ, β, na irabu za ziada. Kabla Unicode haijaenea, wanaisimu walitumia fonti za ujanja. Maarufu kabisa ilikuwa SIL Doulos IPA93. Ujanja wenyewe ni huu: fonti ilichukua nafasi ya herufi ya kawaida na kuichora kwa umbo jingine. Uliandika B kubwa, kioo kikaonyesha β. Uliandika N kubwa, kikaonyesha ŋ. Ndani ya faili hakukuwa na β wala ŋ; kulikuwa na B na N zilizovaa nguo za watu wengine.

Mwalimu wangu, mzee anayekaribia kustaafu, alinipa faili za orodha ya maneno ya Kinande alizochapa miaka mingi kwa fonti hiyo. Kwenye mashini yake ya zamani zilisomeka bila kasoro. Nilipozifungua kwenye kompyuta mpya ya rafiki, baadhi zilionyesha visanduku vitupu. Nyingine zilivua nguo: aβandu, yaani watu, likawa aBandu, na alama za toni zikageuka ishara zisizo na maana. Mzee alipoona akasema, "Mwanangu, kompyuta yako imelewa." Haikuwa imelewa. Ilikuwa inasoma kile kilichoandikwa kweli, bila fonti ya kukificha.

Mtu wa haraka angesema: badilisha kila B iwe β, basi. Lakini katika faili zilezile mzee aliandika pia maelezo ya Kifaransa, majina ya vijiji, Beni na Butembo. Ukibadilisha kwa pupa unapata βeni na βutembo, na ukishahifadhi, hujui tena ipi ilikuwa ipi. Taarifa pekee inayotofautisha B ya Kinande na B ya Kifaransa ni jina la fonti lililobandikwa kwenye kila kipande cha maandishi. Ukinakili maandishi bila mtindo, au ukichagua ukurasa mzima na kuuweka katika Times New Roman ili "upendeze", taarifa hiyo imekufa.

Kwa hiyo kazi ya kubadilisha ifanyike kabla ya kuhama, kwenye mashini ya zamani ambayo bado ina fonti. SIL ina programu ya bure, SIL Converters, inayosoma hati za Word na kubadilisha maandishi ya fonti ya zamani peke yake kwenda Unicode, huku ikiacha mengine. Kabla ya kuianza, chapisha kurasa chache kwenye karatasi au zihifadhi kama PDF. Hiyo ndiyo itakuwa shahidi wako: baada ya kubadilisha, unalinganisha neno kwa neno. Nami niliona kwamba alama ya toni inayokaa juu ya irabu yenye sedila ndiyo inayohitaji jicho la pili.

Sedila yenyewe ina mtego. Baadhi ya maandishi ya Kinande hutumia i̧ kwa irabu ya juu kabisa. Unicode haina herufi moja iliyo tayari kwa umbo hilo. Ni i ikifuatwa na sedila inayoungana nayo. Lakini ipo į, yenye mkia wa Kilituania, ambayo kwa macho yaliyochoka ni ileile. Kwa kompyuta ni vitu viwili. Ukichanganya, utatafuta neno katika kamusi yako na utaambiwa halipo. Chagua moja, liandike kwenye ukurasa wa kwanza wa memwari, na utumie fonti inayobeba alama hizo ipasavyo, kama Charis SIL au Doulos SIL mpya. Kwa kibodi, Keyman ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows na Linux.

Vipi programu zetu? Praat na ELAN zinapatikana kwa Windows na Linux, hazina tatizo. Ila faili ya ELAN haibebi sauti ndani yake. Inakumbuka tu njia ya kuifikia. Ukihamisha folda, itakuuliza sauti iko wapi, kwa hiyo weka faili zote mbili pamoja. Toolbox ni ya zamani, lakini Windows 11 bado inaendesha programu za biti 32. Zisizofunguka ni zile za biti 16, za enzi ya DOS na Windows 3.1, kama mwalimu wako ana Shoebox ya wakati huo, toa data zake kama maandishi matupu sasa. Na anayetumia Windows 10 kwa sura ya Kiswahili, maana kifurushi chake kilikuwepo, ahakikishe kwanza kama lugha hiyo imo katika orodha ya mfumo anaouhamia.

Mimi mashini yangu ni ya kizazi cha sita, kwa hiyo mlango wa Windows 11 umefungwa. Niliweka Linux Mint kwenye flashi nikaiwasha kutoka hapohapo, bila kugusa diski, siku nne nzima. Sauti, Wi-Fi, Keyman, Praat: sawa. Kisha nikaiweka kando ya Windows. Wazo la mfumo huria si geni kwa Kiswahili; mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice tangu 2004. Lakini sitamdanganya mtu. FLEx imetengenezwa hasa kwa Windows na bado naifungulia huko, intaneti ikiwa imezimwa. Na hati yenye maoni mengi ya mwalimu ikipita kati ya Word na LibreOffice, jedwali zake husogea.

Ushauri wangu, kama unauhitaji: anayewasilisha memwari mwaka huu asihame. Ajisajili kwa viraka vya bure hadi Oktoba 2026, amalize kazi yake. Mwenye mashini ya kizazi cha nane na kuendelea apandishe kwa njia rasmi akishabadilisha faili zake, na asikubali neno "fomate". Mwenye mashini ya zamani kama yangu ajaribu Mint kwenye flashi kabla ya kuuza chochote.

Faili za mzee zilikuwa 41. Nimebadilisha na kulinganisha 29. Zilizobaki zimo kwenye mashini yake, ambayo betri yake imekufa na inazimika umeme unapokatika, kwa hiyo ninakwenda kwake Jumamosi asubuhi, wakati umeme wa mtaa wake huwa umetulia. Mwenye faili za IPA93 na anayetaka kujifunza namna ya kuzibadilisha anaweza kuja nami; alete flashi iliyosafishwa na kurasa zake za kulinganisha.