Upasuaji wa hipospadiasi

Hipospadiasi ni kasoro ya kuzaliwa ambapo tundu la mkojo la mtoto wa kiume haliko kwenye ncha ya uume, bali upande wa chini: karibu na kichwa cha uume, katikati yake, au hata kwenye mfuko wa korodani. Mara nyingi uume hupinda kuelekea chini na govi hufunika upande wa juu tu. Kasoro hii hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya watoto wa kiume 200 hadi 300.

Kabla ya upasuaji

Mtoto mwenye hipospadiasi hapaswi kutahiriwa kabla ya kuonwa na daktari wa upasuaji, kwa sababu ngozi ya govi inaweza kuhitajika katika matengenezo. Katika jamii zinazotahiri watoto wachanga, mkunga na ngariba wanapaswa kulijua jambo hili. Ikiwa korodani pia hazijashuka, homoni na kromosomu hupimwa kwanza.

Kasoro ndogo isiyozuia mkojo kutoka vizuri wala kupindisha uume inaweza kuachwa bila upasuaji.

Namna unavyofanyika

Umri unaopendekezwa ni miezi 6 hadi 18. Mtoto hupewa dawa ya usingizi, kisha daktari hunyoosha uume, hutengeneza mrija wa mkojo hadi kwenye ncha na kuufunika kwa ngozi.

Njia inayotumika sana ilielezwa na Warren Snodgrass wa Marekani mwaka 1994. Ukanda wa ngozi ulio mahali ambapo mrija ungekuwa hupasuliwa katikati kwa urefu ili upanuke, halafu hukunjwa na kushonwa kuwa mrija. Kasoro kubwa huenda ikahitaji upasuaji wa awamu mbili, zikiachana kwa angalau miezi 6.

Matatizo yanayoweza kufuata

* Fistula: mkojo huvuja kupitia tundu jingine kando ya mshono.
* Tundu au mrija kuwa mwembamba: mtoto hujikamua anapokojoa.
* Mshono wa kichwa cha uume kuachia.
* Uume kupinda tena.

Kupunguza matatizo

Kadiri tundu lilivyo mbali na ncha ya uume ndivyo hatari inavyoongezeka. Hata hivyo, hatari hupungua upasuaji unapofanywa na daktari mzoefu, kwa miwani ya kukuza na nyuzi nyembamba zinazoyeyuka zenyewe. Kati ya mrija mpya na ngozi ya nje huwekwa tabaka la tishu lenye mishipa ya damu; hilo huzuia mishono miwili kulaliana na hivyo kupunguza fistula.

Kwa kawaida mpira wa mkojo huachwa kwa takriban wiki moja. Wazazi huhakikisha haujazibwa wala kuvutwa. Homa, usaha, damu nyingi au mkojo kukoma ni sababu ya kurudi hospitali mara moja.

Fistula ikitokea, kwa kawaida husubiriwa angalau miezi 6 ili kovu lilainike ndipo irekebishwe. Kwa kuwa baadhi ya matatizo huonekana baada ya miaka kadhaa, ni vema mtoto afuatiliwe hadi baada ya kubalehe.