Kikopo Kilichofichwa Juu ya Ardhi Isiyochimbwa (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza asili ya mchezo wa jiokashi: jinsi serikali ya Marekani ilivyoacha, mwanzoni mwa Mei 2000, kuzivuruga kwa makusudi ishara za setilaiti zimwonyeshazo mtu mahali alipo, na jinsi Dave Ulmer, tarehe 3 ya mwezi uo huo, alivyoficha ndoo katika jimbo la Oregon, akaitangaza latitudo na longitudo yake, na kuwaalika walimwengu waitafute. Leo tunakusudia kubainisha kwa nini kikopo kidogo cha mchezo huu, ambacho aghalabu hakina ila daftari na vitu vichache visivyo na thamani sokoni, humpa mtafutaji faida kubwa zaidi kikifichwa mahali palipopitiwa na zama mbalimbali.

Natutwae mfano wa bustani ya Gas Works katika mji wa Seattle, ukingoni mwa ziwa Union. Pwani ile, ambayo kwanza ilikuwa katika nchi ya kabila la Waduwamish, ilijengwa mwaka 1906 kiwanda cha kutoa gesi katika makaa ya mawe, na tangu 1937 katika mafuta. Na kwa muda wa miaka 50 kiwanda kiliupa mji mwanga na moto wa kupikia, huku ardhi yenyewe ikinyweshwa lami na sumu. Kilifungwa mwaka 1956, gesi asilia ilipoletwa kwa mabomba, na serikali ya mji ikakinunua kiwanja mwaka 1962.

Wengi walidhani kwamba minara ya kiwanda hicho, iliyoshika kutu, haina budi kubomolewa. Richard Haag, mtaalamu wa kupamba mandhari, alikataa rai hiyo. Alishauri minara isimame kama shahidi wa yaliyopita, jengo la mitambo liwe mahali pa watoto kuchezea, kifusi kirundikwe na kuwa kilima cha kurushia tiara, na udongo ulimwe, uchanganywe na unga wa mbao na mashapo ya maji machafu, ili vijidudu vilavyo mafuta vistawi na kuusafisha. Bustani ilifunguliwa mwaka 1975, na juu ya kilima chake pakawekwa saa ya jua. Hata hivyo kazi ya vijidudu haikutimiza yote: mwaka 1984 bustani ilibidi ifungwe kwa muda kwa sababu ya sumu iliyosalia.

Basi mwenye kuficha jiokashi mahali pa namna hii anaweza kuipanga kwa hatua: mtafutaji ahesabu minara, asome mwaka ulioandikwa kibaoni, na tarakimu hizo zimpe latitudo na longitudo ya kituo kifuatacho, hata akifikie kikopo. Mtu aliyekuja kwa ajili ya kikopo hulazimika hivyo kuisoma ardhi kama asomavyo kitabu, naye hawezi kuruka kurasa.

Mchezo huu una kanuni mbili ambazo nazistahi mno. Ya kwanza ni kwamba kikopo hakizikwi. Ndoo ya Ulmer ilifukiwa nusu, lakini baadaye ilikatazwa mtu kuchimba ardhi kwa ajili ya kuficha au kutafuta. Na mahali ambapo chini ya nyasi imelala lami ya nusu karne, katazo hilo si adabu tu bali ni hifadhi ya uhai. Ya pili ni kwamba atwaaye kitu kikoponi huacha kingine chenye thamani sawa au zaidi, kisha huandika jina lake daftarini.

Lau kanuni hii ya pili ingalifuatwa na wenye viwanda, ziwa Union lingalikuwa safi hii leo. Walitwaa gesi, wakaacha lami, wala hapakuwa na daftari la kuwahesabia. Waliokuja baada yao ndio waliolipa deni, kwa udongo mpya, nyasi na subira. Mtoto arushaye tiara kilimani pale asimama juu ya malipo hayo, na mtafutaji aliyeisoma ardhi ile sawasawa atajua, kabla hajakifunua kikopo, ni kitu gani apaswacho kuacha.

(Itaendelea: idhini ya mwenye ardhi, na haki za majirani.)