Mfanyakazi akiisema kampuni mtandaoni, ajibiwe nani?

Mwajiri anapokuta mfanyakazi wake ameandika mtandaoni kwamba kampuni haina utu, mara nyingi swali la kwanza ofisini huwa ni nani kaandika. Ni swali linalompotosha. Maneno yale hayakuandikwa ili bosi ayasome. Yameandikiwa mhasibu au fundi anayetaka kuomba kazi pale, anayepitia kwanza yale waliyosema waliomtangulia. Ndiyo kazi ya tovuti kama Glassdoor, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2008: mfanyakazi huandika bila kutaja jina lake, na mwajiri ana nafasi ya kujibu. Huyo mwombaji kazi ndiye wa kujibiwa.

Kumsaka mwandishi kunaweza kufanikiwa mahakamani na bado kukaigharimu kampuni. Mwaka 2022, Zuru, kampuni ya vitu vya kuchezea watoto yenye asili ya New Zealand, iliiomba mahakama ya shirikisho huko California iiamuru Glassdoor itoe taarifa za watu walioisema vibaya, ili iwashtaki kwa kashfa. Mahakama ilikubali. Lakini habari za kesi hiyo zilisambaa nje ya New Zealand, na malalamiko ambayo yangeonwa na watafuta kazi wachache yakawafikia watu ambao hata hawakuwa na haja na Zuru.

Mchumi Albert Hirschman, katika kitabu chake cha mwaka 1970, alieleza kwamba mtu asiyeridhika na taasisi ana njia kuu mbili: kuondoka, au kupaza sauti. Anayeandika kwa kujificha mara nyingi ameshaondoka, au bado yupo lakini haamini kwamba akisema ndani atasikilizwa. Kwa hiyo jibu zuri huanzia kwenye mafaili. Tuseme lalamiko ni kwamba saa za ziada hazilipwi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa hizo zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Ofisa rasilimali watu afungue daftari la mahudhurio, alilinganishe na orodha ya malipo, ndipo aandike: “Tumekagua malipo ya miezi mitatu. Idara ya ghala ilipunjwa saa za ziada. Tumewalipa, na sasa msimamizi husaini saa hizo kila wiki.” Jibu la namna hii lina kitu ambacho msomaji anaweza kukishika. “Tunawathamini wafanyakazi wetu” haliwezi kumsaidia mtu anayeamua aache kazi aliyonayo au la.

Wapo watakaosema: na kama ni uongo mtupu? Uongo upo, na unaumiza. Mwajiri aombe uondolewe kwa kufuata masharti ya tovuti, na akanushe kwa ukweli anaoweza kuuthibitisha. Asithubutu kuandika kwamba “huyu tulimfukuza kwa wizi”: hapo ameanika taarifa za mtu, jambo linaloweza kumtia matatani chini ya sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022. Asijaribu pia kuuzika uongo kwa sifa za kuagizwa. Mwaka 2019 gazeti la Wall Street Journal lilichambua maoni ya Glassdoor na kukuta mamia ya kampuni ambazo sifa zao zilipanda ghafla katika mwezi mmoja, baadhi baada ya wakubwa kuwahimiza wafanyakazi waandike.

Pingamizi gumu zaidi ni la mwenye duka la watu wanane, ambaye kwa kusoma tu sentensi mbili anajua aliyeandika. Hawezi kujifanya hajui, lakini kumfukuza kwa hasira si njia. Sheria ya Tanzania inamtaka mwajiri athibitishe kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu wa haki, na mfanyakazi anaweza kumfikisha mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hao saba waliobaki nao watakuwa wanatazama. Atakachomfanyia mwenzao ndicho kitakachowaamulia kama kesho watamweleza yeye kwanza au wataandika.