Vibali na haki za umiliki katika uzalishaji wa farasi kwa njia saidizi

Maendeleo ya tiba ya mifugo yamewezesha farasi dume aliyeko bara moja kuzaa na jike aliyeko bara jingine bila wawili hao kukutana. Hata hivyo, mwanafarasi anayepatikana kwa njia hiyo anaweza kuzaliwa akiwa na afya njema na nasaba bora, kisha akakosa hati ya usajili kwa sababu ya fomu ambayo haikuwasilishwa kwa wakati au mkataba ambao haukuandikwa.

Hasara ya jambo hilo ni kubwa. Farasi asiyesajiliwa kwa kawaida hawezi kushiriki mbio au maonesho yaliyotengwa kwa aina yake, wala watoto wake hawaingii katika daftari la nasaba. Thamani yake sokoni hushuka, ilhali gharama za kumzalisha zimekwisha kulipwa.

Njia zinazotumika

Njia iliyoenea zaidi ni uhimilishaji. Mbegu za dume hukusanywa na kutumika papo hapo, au hupozwa hadi nyuzi joto 5 na kusafirishwa ili zitumike ndani ya saa 24 hadi 48. Zinaweza pia kugandishwa katika nitrojeni kimiminika, kwa nyuzi joto 196 chini ya sifuri, na kuhifadhiwa kwa miaka mingi, hata baada ya dume kufa.

Njia ya pili ni uhamishaji wa viinitete. Kiinitete hutolewa katika mji wa mimba wa jike mtoaji siku 7 au 8 baada ya yai kupevuka, kisha huwekwa kwa jike mbebaji anayekibeba kwa takribani miezi 11. Jike mtoaji huendelea na mashindano, na anaweza kupata watoto kadhaa katika mwaka mmoja. Njia ya tatu ni kutoa mayai katika ovari na kudunga mbegu moja ndani ya kila yai katika maabara.

Haki tatu zisizofanana

Migogoro mingi hutokana na kuchanganya haki tatu: haki ya kummiliki mnyama, haki ya kutumia mbegu, mayai au viinitete vyake, na haki ya kumsajili mtoto anayezaliwa. Mtu anaweza kuwa na moja kati ya hizo na akakosa nyingine.

Mfano ulio wazi unapatikana Marekani, katika chama cha farasi wa aina ya Quarter Horse, AQHA, kilichoanzishwa mwaka 1940. Chama hicho huruhusu uhimilishaji na uhamishaji wa viinitete kwa masharti. Mmiliki wa dume hutakiwa kuwasilisha ripoti ya majike waliopandishwa ifikapo tarehe 30 Novemba ya mwaka husika. Jike mtoaji huorodheshwa kwa kibali maalumu na kulipiwa ada, na vinasaba vya mtoto hupimwa kuthibitisha wazazi wake.

Mzalishaji anayetambuliwa ni yule aliyekuwa mmiliki wa jike wakati wa kupandishwa, au mkodishaji wake ikiwa ukodishaji umeandikishwa katika chama. Kwa hiyo, aliyekodi jike kwa makubaliano ya mdomo tu anaweza kulipa gharama zote na bado jina lake lisionekane kwenye hati. Naye mwenye jike mbebaji hapati haki juu ya mtoto kwa sababu tu ya mimba kukaa kwa mnyama wake, kwa kuwa jike huyo hachangii nasaba.

Mpaka wa haki ya usajili ulipimwa pia mahakamani. Wafugaji waliozalisha Quarter Horse kwa unakilishaji, yaani kutengeneza nakala ya mnyama kutokana na seli zake, waliishtaki AQHA kwa kukataa kuwasajili. Mwaka 2013 baraza la wazee wa mahakama huko Amarillo liliwapa ushindi, lakini Januari 2015 mahakama ya rufaa ilibatilisha uamuzi huo. Wafugaji walibaki wakiwamiliki farasi wao kihalali, ila daftari la nasaba halikufunguliwa kwa ajili yao.

Kila aina na sheria yake

Kwa farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred, wanaofahamika kwa watazamaji wa uwanja wa Ngong jijini Nairobi, masharti ni makali zaidi. Utaratibu wa kimataifa unataka jike apandwe na dume moja kwa moja. Mtoto aliyepatikana kwa uhimilishaji au uhamishaji wa kiinitete hasajiliwi. Sharti hilo lilipingwa katika Mahakama ya Shirikisho ya Australia, na Desemba 2012 mlalamikaji alishindwa.

Katika mchezo wa polo hali ni kinyume. Nchini Argentina uhamishaji wa viinitete ni jambo la kawaida, na mwaka 2016 mchezaji Adolfo Cambiaso alitumia nakala sita za jike wake Cuartetera katika mashindano ya Palermo. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, nalo liliondoa marufuku ya farasi wa unakilishaji mwaka 2012.

Vibali vya serikali

Ruhusa ya chama haichukui nafasi ya kibali cha serikali. Nchini Kenya na Tanzania, kuingiza mnyama au mbegu zake kutoka nje kunahitaji kibali cha mkurugenzi anayesimamia huduma za mifugo, pamoja na cheti cha afya kutoka nchi mbegu zinakotoka. Sababu ni kwamba dume anayeonekana mzima anaweza kubeba virusi vya ugonjwa wa mishipa ya damu wa farasi na kuvitoa pamoja na shahawa. Kwa upande mwingine, ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, huwafanya wanunuzi wa nje kuweka masharti mazito kwa farasi wanaotoka katika ukanda huu.

Yanayopaswa kuandikwa

Kabla ya jike kupandishwa, mkataba unapaswa kueleza iwapo mnunuzi amenunua mimba moja au kipimo kizima cha mbegu. Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu maabara inaweza kukikata kipimo kimoja cha mbegu zilizogandishwa na kukitumia kwa mayai mengi. Ueleze pia nani anamiliki viinitete vilivyohifadhiwa, nini kitatokea jike mtoaji akiuzwa wakati viinitete vyake vimebebwa na majike wengine, na lini jike mbebaji atarejeshwa baada ya mtoto kuachishwa kunyonya. Ahadi ya mtoto hai nayo ifafanuliwe; mikataba mingi humhesabu hivyo mwanafarasi aliyesimama na kunyonya.

Wafugaji wanashauriwa kusoma kanuni za daftari la nasaba la aina wanayoifuga kabla ya kulipa ada yoyote. Vinasaba vinaweza kuthibitisha wazazi wa mwanafarasi, lakini haviwezi kuthibitisha makubaliano ambayo hayakuandikwa.