Jina Lililobaki Mlangoni mwa Noah

Noah nyeusi imefika Soni. Imetoka Mombo, imepanda kona baada ya kona, kisha ikaingia njia za udongo kufuata kabichi huko vijijini. Sasa imesimama karibu na soko. Nyeusi haionekani tena, imekuwa nyekundu kwa vumbi.

Mtoto anapita. Ananyoosha kidole. Anaandika jina lake mlangoni, kwa herufi kubwa, na pembeni anachora jua.

Kesho yake gari linaoshwa. Vumbi linaondoka. Jina halijaondoka.

“Mjomba, jina limebakije, na vumbi halipo?”

Hilo ni swali, mwanangu! Wakubwa wengi hupita bila kuliuliza. Njoo karibu, tumuulize mwenye mgongo ulioandikwa.

“Mimi naitwa Klia,” inasema sauti kutoka mlangoni. “Chini kabisa kuna bati. Juu ya bati kuna praima, inayolilinda lisipate kutu. Juu ya praima kuna rangi yenyewe, ile nyeusi. Juu ya rangi niko mimi. Sina rangi yoyote. Ukinitazama mimi, unamwona mwenzangu wa chini. Jua hunipiga mimi kwanza. Mvua hunipiga mimi kwanza. Na wewe jana uliniandika mimi.”

“Lakini kidole changu ni laini!”

Kidole ni laini, kweli. Vumbi si laini. Ndani yake mna vichembe vya mawe, vingine vigumu kiasi cha kukwaruza hata kioo. Kidole kilivikandamiza, kikavikokota. Kila herufi ikawa vifereji vidogo mno.

“Vidogo mno, mbona naviona?”

Ni kwa sababu ya mwanga. Mgongo wa Klia ukiwa laini, mwanga unaurudia uso wako wote pamoja, nawe unajiona. Ukikuta kifereji, unatawanyika huku na huku. Ndipo unaona mstari mweupe.

Sasa, maji kwanza. Mwagia maji kidogo palipoandikwa jina. Limepotea? Maji yamejaa kwenye vifereji, mwanga umepita vizuri. Yakikauka, jina litarudi. Kupotea huko ni habari njema: mikwaruzo haijavuka Klia kufika kwenye rangi. Fundi anaweza kuiondoa.

“Anaijaza dawa?”

Watu wengi hudhani hivyo. Fikiria uwanja wa nyumbani, hapa kwetu milimani. Mvua imeshuka kwa nguvu, imechimba kifereji katikati. Udongo wa kuongeza huna. Utafanyaje? Utachukua jembe, utaparua uwanja mzima, kidogo kidogo, mpaka ulingane na chini ya kifereji. Kifereji hakikujazwa. Uwanja ndio ulioshuka.

Fundi naye hufanya hivyo. Anapaka kampaundi, uji wenye chembe ngumu, ndogo kuliko za unga. Anazungusha mashine yenye sponji au manyoya. Klia anaparuliwa kidogo kidogo, hadi kifereji hakina tena kingo za kutawanya mwanga.

“Je, Klia ataisha?”

Umeona mbali, mwanangu! Gawa milimita moja mafungu 1,000. Klia wa kiwandani kwa kawaida ana mafungu 40 hadi 50 tu. Unywele wako mmoja kwa kawaida ni mnene kuliko yeye! Kila akiparuliwa, mafungu machache yanakwenda na hayarudi. Ndiyo maana gari halipigwi mashine kila linapotaka kung’aa.

Tena wako akina Klia wagumu sana. Mwishoni mwa mwaka 2003, Mercedes-Benz ya Ujerumani ilianza kutumia klia yenye chembe ndogo mno za kauri, ili isikwaruzike upesi. Klia mgumu hukwaruzwa kwa shida, na akishakwaruzwa, husawazishwa kwa shida. Fundi akileta kampaundi laini, Klia anamtazama tu. Inabidi aanze na kampaundi kali, kisha aje na laini kufuta alama za ile kali.

Fundi ninayemheshimu haanzi na gari zima. Maji kwanza, aoshe mchanga wote, la sivyo mashine itaukokota kama kidole chako. Halafu anavuta gari kivulini. Anajaribu sehemu ndogo, kama kiganja. Anafuta, anatazama kwenye mwanga. Imekubali? Anaendelea. Hamkandamizi Klia kwa hasira, maana mashine ikikaa mahali pamoja inatoa joto, na joto huunguza. Kwenye kingo za milango anapita taratibu zaidi. Hapo Klia ni mwembamba.

“Na kama mkwaruzo ni wa mti, mrefu?”

Maji kwanza, tena. Ukilowa na bado unauona, pitisha ukucha juu yake, taratibu, kwa kuukata. Ukucha ukiteleza, fundi ajaribu. Ukucha ukikwama, mkwaruzo umeingia sana, na kuuparua mpaka chini ni kummaliza Klia. Ukiona bati linang’aa ndani yake, usisubiri masika, kutu itaingia. Hapo mashine iwekwe kando, aitwe fundi rangi: apige msasa, apake praima, apake rangi, na mwisho ampulizie Klia mpya.