Je, Wajua? Filta Haiongezi Kitu, Hupunguza

Wengi hudhani filta ni kiungo cha kunogesha picha. Kumbe kazi yake ni kuzuia: kila filta ina mwanga inaoukataa.

Je, wajua kwamba…

• Picha kongwe zaidi ya kamera iliyosalia ni ya mandhari? Nicéphore Niépce aliipiga dirishani kwake, Ufaransa, mwaka 1826 au 1827. Ilichukua muda mrefu hata jua likamulika kuta za pande zote mbili.

• Miaka ya 1850 picha za bahari zilitoka na mbingu nyeupe pe? Mfaransa Gustave Le Gray alipiga negativu mbili, ya maji na ya mawingu, akaziunganisha. Leo unaweza kutumia filta yenye giza juu na uwazi chini.

• Tarehe 10 Aprili 1927, mpiga picha Ansel Adams alibakiwa na vioo viwili tu vya negativu mbele ya jabali la Half Dome, Marekani? Cha kwanza alikipiga kwa filta ya njano, hakuridhika. Cha mwisho akaweka nyekundu. Nyekundu huzuia bluu, mbingu ikatoka nyeusi ti, na picha ikampa jina.

• Filta ya polaraiza hupunguza mng'ao wa maji na majani, na hukoleza bluu ya mbingu? Elekeza kidole cha shahada kwenye jua, nyoosha gumba: gumba linakoelekea ndiko inakofanya kazi vizuri zaidi. Jua likiwa utosini, kama tulivyozoea Ikweta, ni upeo wa macho pande zote.

• Filta nyeusi ya stopu 10 huacha sehemu moja tu ya mwanga kati ya takriban 1,000? Picha ya 1/60 ya sekunde inataka sekunde 17 hivi. Mawimbi hugeuka ukungu, wapita njia hutoweka. Jahazi likiyumba nangani, nalo litafifia.

• Kioo cha barakoa ya fundi wa kuchomelea vyuma hufanya kazi hiyo kwa bei ndogo? Picha itakuwa ya kijani; irekebishe baadaye au igeuze nyeusi na nyeupe.

• Ukipunguza tundu la lenzi kutoka f/8 kwenda f/11, mwanga hupungua nusu? Tundu dogo huonyesha vizuri vya karibu na vya mbali, lakini ukifika f/22 mwanga hutawanyika kingoni mwa tundu na ukali wa picha hupungua. Kwa kamera nyingi, f/8 hadi f/11 inatosha.

• Kamera ikiwa juu ya stendi, ni vyema kuzima kitulizi cha mtikisiko? Baadhi ya vitulizi hutafuta mtikisiko usiokuwapo, vikauleta vyenyewe.

• Ukisimama Forodhani, Zanzibar, tangu jua liguse bahari hadi lizame ni dakika mbili na kidogo tu? London huchukua zaidi ya tatu. Kwetu jua hushuka wima. Funga stendi na uchague filta mapema.

Huna kamera kubwa? Azima miwani ya jua yenye polaraiza, iweke mbele ya lenzi ya simu, izungushe taratibu huku ukitazama maji. Mng'ao ukipotea na mchanga wa chini ukaonekana, piga.