KABLA YA KUNUNUA DRONI YA KAMERA



Siku hizi katika dispanseri napokea vidonda vya namna mpya. Zamani kidole kilichokatwa kilitokana na bati, na jiwe ao na kisu cha jikoni. Sasa kijana anaingia, mkono umefungwa kwa kitambaa, na ninapofungua naona mistari mitatu ao mine iliyolingana sawasawa, kama imechorwa kwa wembe. Nikiuliza, anacheka kwa haya: «Ni droni, dokta.» (Mimi si dokta, ni msaidizi wa waganga, lakini neno hilo limekwisha kuzoeleka na nimechoka kulisahihisha.)

Sitaki kuwakataza. Najua sababu. Hapa Kolwezi arusi ya Jumamosi bila picha za kutoka juu imekuwa kama arusi bila muziki, na kijana mwenye droni anapata feza kidogo nje ya mshahara. Mashine hizi zinafanya pia kazi ya maana. Kule Rwanda, tangu Oktoba 2016, droni za Zipline zinapeleka damu kwa hospitali za mbali. Huku kwetu Kongo wengi walisikia neno droni kwa mara ya kwanza Desemba 2013, wakati MONUSCO ilipoanza kuzirusha Goma. Katika migodi mikubwa wapimaji wanazitumia kupima marundo ya mawe bila mtu kupanda juu yake, na hiyo ni hatari moja iliyopunguzwa. Basi ninyi mnaotaka kununua ya kwanza, someni kwanza.

Nitaanza na habari ya jirani yangu, fundi wa magari makubwa. Aliweka akiba miezi minne. Akaona sanduku zuri lenye picha ya droni juu ya bahari, maandishi makubwa ya 4K, kilometa nne, kamera mbili, bei dola 85. Akanunua. Jumapili ya kwanza akairusha nyuma ya nyumba. Upepo mdogo ukaishika, ikapanda, ikaelekea upande wa karieri, na yeye akabaki na telekomandi mkononi akibonyeza vitufe vyote. Haikurudi. Mke wake hakusema neno mpaka jioni, na nadhani hilo lilimwumiza kuliko hasara yenyewe.

Kosa lilikuwa nini? Sanduku halikuandika neno GPS. Droni yenye GPS inajua mahali ilipo. Ukiacha vijiti inasimama hewani, na mawimbi yakikatika inarudi mahali ilipoondokea. Isiyo na GPS inakwenda mahali upepo unapotaka. Hiyo yafaa kuchezea ndani ya chumba, kama ile Tello ya Ryze iliyotoka 2018, gramu 80 tu, iliyouzwa Marekani kwa dola 99. Ilikuwa kitu kizuri cha kufundishia mikono, lakini si ya kurusha nje wakati wa kiangazi, upepo wa Juni ukivuma. Kwa hiyo, unapofika dukani, swali la kwanza lisiwe «Kamera ni ya namna gani?» Liwe «Ina GPS?»

Swali la pili ni uzito. Mtaona droni nyingi zimeandikwa gramu 249. Hiyo si bahati. Desemba 2015 Marekani iliamuru kila droni inayozidi gramu 250 iandikishwe, na inchi nyingine nyingi zikachukua mpaka huohuo; ndipo watengenezaji wakafanya kila njia kukaa chini yake. Mavic Mini ya DJI ya mwaka 2019 ilikuwa ya gramu 249, na ndugu zake waliofuata, kama Mini 4K ya 2024, ni uzito huohuo. Ndogo zaidi ni Neo, nayo ya 2024, gramu 135.

Lakini nyepesi maana yake nini? Ninyi mnaofanya kazi chini ya ukuta wa karieri mnajua jibu. Boloni ndogo ikianguka kutoka juu haiulizwi uzito wake. Droni ya gramu 249 ikiwa mita 50 juu imebeba nguvu sawa na jiwe la kilo moja lililo juu mita 12. Hewa itaipunguza inapoanguka, ni kweli. Hata hivyo nani kati yenu atakubali kusimama chini pasipo kofia ya kazi? Wageni wa arusi hawavai kofia ya kazi. Basi usirushe juu ya vichwa vya watu, hata bwana arusi akikuomba, hata akikuongezea feza. Simama pembeni, piga picha kwa mshazari, zinapendeza vilevile.

Juu ya bei. Mini 4K ilipotoka iliuzwa Marekani dola 299, Neo dola 199. Hapa kwetu utaongezewa usafiri, ushuru na faida ya mwuzaji, kwa hiyo usishangae ukisikia zaidi. Ukisikia chini sana, shangaa. Kwa anayeanza, na mwenye watoto nyumbani, Neo ina jambo moja ninalolipenda kama mtu wa dispanseri: elisi zake, ni kusema yale mabawa yanayozunguka, zimezungukwa na kinga tangu kiwandani. Ubaya wake, batri inashika dakika 18 kwa maneno ya kiwanda, na upepo unaisumbua. Mini 4K inashika dakika 31 kwa maneno hayohayo, na kamera yake inakaa juu ya kishikio kinachoituliza pande tatu, kwa hiyo picha haitetemeki. Lakini kinga za elisi unazinunua mbali. Zinunue. Ni feza kidogo, na zinaokoa vidole.

Dakika za kiwanda zilipimwa pasipo upepo. Kolwezi iko juu zaidi ya mita 1400, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Matadi ao Mombasa, na elisi zinafanya kazi zaidi ili kuinua mzigo uleule. Ukiambiwa 31, hesabu 20 na uanze kurudi. Ndiyo maana heri kununua droni ya bei ndogo na batri tatu kuliko ya bei kubwa na batri moja. Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: nyingi zinahitaji telefoni yenye programu yake, na mara ya kwanza zinataka intaneti ili kufunguliwa. Nenda dukani na telefoni yako mwenyewe, ifunguliwe na kurushwa mbele yako. Ikiwa imetumika tayari, tazama elisi kama zimepasuka kando, na tazama batri kama imevimba. Batri iliyovimba, acha hapohapo, usipunguziwe bei ukakubali.

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu batri ndiyo inayonitia hofu kuliko elisi. Wengi wenu mmechimba kobalti miaka mingi bila kuona inakokwenda. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka katika Lualaba na Haut-Katanga, na batri nyingi za litiamu zinaitumia. Basi inawezekana jiwe la KOV ao la Mutanda limekurudia nyumbani ndani ya kisanduku kinachotosha kiganja cha mkono. Lakini si mtu wa nyumbani wa kulala naye chumba kimoja. Batri ya litiamu ikitobolewa, ikianguka vibaya, ao ikichajiwa na chombo kisicho chake, inaweza kupata moto kutoka ndani yake yenyewe. Moto huo unaruka kama fataki, na moshi wake ni sumu kwa mapafu. Katika nyumba ya vyumba viwili yenye watoto sita, mambo yanakwisha upesi sana.

Kwa hiyo chaji mchana, ukiwa macho, juu ya simenti, mbali na godoro, pazia na jiko. Ngoja batri ipoe nusu saa baada ya kuruka. Umeme ukikatika, chomoa. Unaporudi mara nyingine unarudi kwa nguvu, na chombo kinaungua. Usiiache ndani ya gari lililofungwa kwenye jua la Oktoba. Kama hutarusha kwa wiki kadhaa, iache na nusu ya chaji, si tele wala si tupu. Ikianza kutoa moshi, toa watoto kwanza. Mali baadaye.

Sasa mahali pa kurusha. Katika inchi yetu mambo ya anga yako chini ya sheria ya 31 Desemba 2010 na ofisi ya AAC, Autorité de l'Aviation Civile. Msifikiri gramu 249 za Marekani ni ruhusa huku. Uliza kabla ya kununua, uombe karatasi yenye muhuri, na uitembeze pamoja na droni. Karibu na uwanja wa ndege, kambi ya askari na majengo ya serikali, usijaribu kamwe. Kumbukeni pia wazee wetu: Mei 1978 walitazama juu na kuona askari wa Ufaransa wakishuka kwa miavuli juu ya mji huu. Kitu kinachovuma juu ya paa hakiwafurahishi, na wana haki. Nenda ukabishe hodi, ueleze. Na majirani wengi wana bafu zisizo na paa. Sihitaji kuandika zaidi juu ya hilo. Nimeshona kichwa kimoja kilichopigwa jiwe kwa sababu hiyo.

Karieri na viwanda, hapana kabisa bila barua ya kompani. Si juu ya siri tu. Telekomandi inatuma mawimbi ya redio, na karibu na fataki za umeme za kupasulia mawe kila chombo cha redio ni hatari. Ndiyo maana mnaona mabango ya kuzima redio na telefoni. Mtoto anayerusha nyuma ya ukingo hajui saa ya kupasua mawe. Mzazi anayefanya kazi mle anaijua.

Waya za umeme vilevile. Laini ile kubwa ya Inga inayofika hapa Kolwezi, kilometa 1700 hivi, haipendi kuchezewa. Droni ikinaswa juu ya waya wowote, hata mdogo wa mtaani, ni ya waya sasa. Usitafute mti mrefu, usitume mtoto kupanda. Waite watu wa umeme.

Siku za kwanza, amka mapema, saa kumi na mbili, upepo ukiwa bado umelala. Uwanja mtupu, mita 10 juu, si zaidi, mkia wa droni ukikuelekea ili kushoto iwe kushoto. Mtu wa pili awe karibu akitazama droni wakati wewe unatazama telefoni. Usiondoke chini kabla ya GPS kushika, maana pale iliposhika ndipo itakaporudi. Usiinyakue kwa mkono inaposhuka. Vidonda vingi ninavyoona ni vya kuinyakua. Na chupa ya Simba ingoje mpaka droni imerudi sandukuni.

Kama elisi imekata kidole: osha kwa maji safi na sabuni, bana kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunua-funua, inua mkono, kisha uje tutazame kama chanjo ya pepopunda ingali na nguvu. Usipake dawa ya meno, majivu wala petroli. Kama ni jicho, usisugue, usioshe kwa nguvu, usichomoe kitu. Funika kwa kikombe safi cha karatasi kisichogusa jicho, ufunge polepole, uende hospitali saa ileile, hata kama mgonjwa anasema anaona vizuri. Kama ni moto wa batri, mwagia ngozi maji baridi yanayotiririka dakika 20, na aliyevuta moshi aletwe hata asipokohoa, kwa sababu mapafu yanaweza kuchelewa kulalamika mpaka usiku.

Batri iliyovimba ao iliyoanguka vibaya, usiitupe katika shimo la takataka watoto wanapookota vyuma. Iweke ndani ya debe la mchanga mkavu, nje ya nyumba, kisha uwajulishe watu wa usalama wa kazi wakuambie pa kuipeleka. Usiilete mfukoni.